Umoja wa Namna Gani

Nilizitoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa,
betri sita, plastiki yake ya bluu imefifia
kama sare ya shule ifikapo Novemba.
Mita ikasema: nne nzima, moja mgonjwa, moja marehemu.
Marehemu nikamzika kwenye kopo la mchanga nje ya kibanda.
Betri ikishavimba, usiionee huruma.

Mwashilindi alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda,
koti zito, buti zina udongo wa Kikondo,
ule mweusi unaozaa viazi na madeni.
"Fundi Subilaga, nataka tochi ya kumtoa nguruwe roho.
Nikimulika kwangu, mtu wa Tukuyu afunge pazia."
Nguruwe pori walishamlimia ekari nzima, siku tatu usiku,
bila kudai posho.

Umoja ni nguvu, tulikaririshwa tangu darasa la kwanza.
Fundi hana budi kuuliza: umoja wa namna gani?

Ukizipanga foleni,
kichwa cha huyu kwenye kitako cha yule,
volti zinapandiana mabegani,
nne na ushee, nane na ushee, hadi kumi na sita na zaidi,
mwanga unatoka kama neno lililofungiwa kifuani miaka.
Lakini foleni haina subira na mnyonge.
Mmoja akiishiwa, wenzake wanazidi kumsukuma
mpaka chanya yake inageuka hasi,
na hapo ndipo moshi.

Ukizisimamisha bega kwa bega,
chanya zote huku, hasi zote kule,
volti inabaki ya mmoja tu, haina makuu,
ila mzigo unagawanywa
na usiku unavukika.
Hata hivyo zisawazishe kwanza:
aliyeshiba ukimuunga ghafla na mwenye njaa
atammiminia mpaka waungue wote wawili.
Nimeliona hilo kwenye betri. Nimeliona na kwenye ndoa.

"Foleni," akasema Mwashilindi,
na mteja ni mfalme.
Nikalehemu.
Jioni tukasimama nyuma ya soko la Mwanjelwa
tukaielekeza Loleza,
na naapa niliuona mti mmoja ukijificha.
Watoto wakashangilia. Muuza ndizi akatutukana.
Akalipa yote, hakuomba punguzo.
Ningeshtuka pale pale.

Siku ya tisa akarudi, macho mekundu.
"Fundi, umeniuzia ukuta."

Nikaelewa kabla hajamaliza.
Mimi ni mtoto wa Isyonje, naujua ukungu
unaopanda saa nane za usiku, mzito kama uji wa ulezi.
Aliupiga kwa mwanga wote aliolipia
nao ukamrudishia wote usoni.
Akabaki katikati ya shamba lake, kafungiwa ndani ya weupe,
akiwasikia nguruwe wakitafuna pande zote,
kwa adabu, bila haraka.
Saa kumi tochi ikazima.
Baridi nayo ilikuwa imechukua fungu lake.

Nikafungua. Nikakata mikanda ya nikeli.
Betri zile zile nne,
sikuongeza hata moja,
balbu tu nikabadili, ndogo, ya njano.
Bega kwa bega.

Akaiwasha kwenye kiganja. Uso ukamshuka.
"Hii ni ya kutafutia kandambili."
"Ishike chini, usawa wa goti. Usiwatafute nyuso.
Mulika mtaroni kati ya matuta, utaona miguu."
Akaondoka bila kuaga,
na sikumlaumu, maana hata mimi
ule mwanga wa Loleza bado ninaukumbuka kwa tamaa.

Mvua zilipokatika, lori la viazi lilisimama mbele ya kibanda,
utingo akashusha debe, akataja Kikondo, wakaondoka.
Hapakuwa na barua.
Nilimenya vya kutosha chakula cha jioni,
vikubwa, vya ngozi nyekundu.
Viwili vilikuwa na alama za meno.